Nilimsingizia Mama Mkwe Minyoo ya Panya Wangu

Nimekosa. Nalisema mwanzoni kabisa, kwa sababu nikianza na maelezo mtadhani nina utetezi. Sina! Nilichokuwa nacho ni panya.

Mimi ni Mgogo wa hapa hapa Dodoma, mtu mzima mwenye mvi, niliyesomeshwa pwani katika shule ya serikali mpaka nikajiona nimesoma kupita kiasi. Kazi yangu ni mkalimani wa Bwana Mganga, Mdachi anayetibu vibarua wa reli. Kila Jumamosi husimama juu ya sanduku kambini nikawaeleza watu habari za minyoo: kwamba mayai yake hayaonekani kwa macho, hutoka na choo, hushika mikononi, huingia kinywani. Huyasema hayo kidole kikiwa juu. Halafu nilikuwa narudi nyumbani kula ugali wa uwele na panya.

Sisemi nilimla. Laiti ningemla! Nilikula naye.

Alikuwa panya buku. Kibarua mmoja alimfukua akiwa mchanga walipokuwa wakichimba njia ya reli, akanipa kwa mzaha. Nami nilikuwa nimewaona Wazungu wa bomani wakipakata paka na mbwa ndani ya nyumba, nikaamua kwamba ustaarabu ni kuwa na mnyama asiye na kazi. Nikamlea kwa maziwa, nikamvisha ushanga shingoni, nikamwita Sultani.

Na Sultani alijua kutawala! Alijaza nafaka mashavuni, mashavu yakavimba kama mifuko, akaenda kuzimwaga chini ya kitanda cha binti yangu, Nyemo. Nyemo, mtoto asiyejua kitu, alizichukua akazitafuna. Mimi nilicheka mpaka machozi.

"Baba Nyemo," mke wangu aliniambia, "huyo mnyama wako amejisaidia kwenye ungo wa unga."

"Ni msafi kuliko watoto wa jirani. Mwone anavyojipangusa uso!"

"Anajipangusa uso. Nyuma je?"

Nilimwona mshamba.

Kisha Nyemo akaanza kuumwa tumbo. Akaharisha, akakataa chakula, akakonda mpaka mbavu zikahesabika. Bwana Mganga alipima choo chake, akaona mayai ya minyoo midogo, ile bapa kama vipande vya uzi mweupe. Akatoa dawa. Mtoto akapona, akacheza, kisha ugonjwa ukarudi. Dawa tena, nafuu tena, ukarudi tena.

"Kuna panya nyumbani kwako?" Bwana Mganga akaniuliza.

Jamani! Hapo ndipo mlango wa kutokea ulipokuwa wazi. Nikajibu, "Bwana, mimi naishi kisafi."

Baada ya uongo huo ilibidi apatikane mkosaji. Nikamwona: mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Bahi kumwuguza mjukuu wake, na kibuyu chake cha maziwa ya mgando.

Wagogo wenzangu mnajua. Wengine niwaeleze: kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani wala kusemezana. Akiniona njiani hupinda, nami hupinda. Basi nilisimama uani, yeye yuko ndani ya tembe, nikapaza sauti ili majirani nao wasikie, kana kwamba nazungumza na mke wangu:

"Mwambie mama yako kibuyu chake ndicho kinachomwua mwanangu!"

Hakunijibu. Hakuweza kunijibu, nami nilijua hivyo kabla sijafungua kinywa. Alichukua kibuyu chake, akaenda zake Bahi kwa miguu bila kula.

"Umempata asiyeweza kukujibu," mke wangu akasema, "sasa unajiona umeshinda shauri."

Kibuyu kiliondoka, minyoo ikabaki. Nyemo akazidiwa, hata kusimama akashindwa. Nilimbeba mikononi mpaka hospitali na alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Bwana Mganga akamlaza, akasema anakuja kuiona nyumba yangu yeye mwenyewe.

Alipoingia tu, Sultani akatoka kumlaki, na ushanga wake, akammwagia uwele juu ya buti.

"Na huyu?"

"Ni mgeni, Bwana," nikasema. Naona haya hata kuandika.

Siku hiyo hiyo Sultani akapasuliwa. Bwana Mganga alinitazamisha kwenye kioo chake cha kukuzia: minyoo ya namna ile ile, na mayai yake. Akanena kwa muda mrefu, kwa hasira, kisha akasema, "Mfasirie mkeo."

Nikamgeukia mke wangu. "Anasema ni panya."

"Mbona yeye kasema maneno mengi hivyo, wewe mawili?"

Nikafasiri yote, hata matusi.

Nyemo amepona, Mungu ashukuriwe! Lakini yuko Bahi na mama yake, kwa bibi yake, na mimi nala peke yangu. Nilipeleka mbuzi wa kuomba radhi. Mbuzi akarudishwa na shemeji yangu, aliyesoma misheni, pamoja na ujumbe: "Mama anasema mbuzi hakukosa kitu. Maneno uliyatoa mbele ya watu, yarudishe mbele ya watu."

Nayarudishaje, na siruhusiwi kumsemesha? Ndiyo maana nawasemesha ninyi wote.

Ninyi mnaofuga panya, kindi, au chochote chenye meno ya kuguguna, sikieni. Kisile chomboni mwenu. Kisilale penye nafaka. Kinyesi chake kiondolewe mtoto asikifikie, na mikono ioshwe, hasa mikono ya wale wanaofundisha wengine kuosha. Daktari akikuuliza, mwambie kweli. Na mtoto akiugua, usimtafute mkosaji miongoni mwa wale waliofungwa midomo.

Shemeji, najua gazeti hili utalisoma kwa sauti uani, watu wamekaa. Ukifika hapa usiharakishe. Soma polepole, asikie hata aliye ndani: mama hakukosa, kibuyu chake kilikuwa safi. Mchafu nilikuwa mimi.