Kiti cha Commandant, Kilichopikwa kwa Mawese

Velo yangu, baiskeli yangu ya mizigo, ilikamatwa kwenye barrière ya Lubunga, kizuizi cha askari, nikitoka barabara ya Opala na mzigo wa muhogo. Aliyenichongea ni chef wa avenue yetu, mkubwa wa mtaa. Namsema wazi, na watu wa avenue wanamjua. Alimwambia commandant wa barrière kwamba chini ya muhogo nilificha risasi za wale wengine. Miaka ile majeshi mawili ya wageni yalikuwa yanapigania almasi yetu ndani ya mji wetu, na kila jeshi lilikuwa na wale wengine wake. Askari wakamwaga mzigo kwenye matope, wakakuta muhogo. Mimi wakaniachilia, velo wakabaki nayo. Kumbe chef alikuwa ameshaiomba apewe yeye.

Bon. Mimi mjane, nina watoto wawili. Bila velo hakuna muhogo, bila muhogo hakuna cha kupika. Kesho yake nikarudi kulia mbele ya commandant. Alikuwa mnene, mgonjwa wa kiuno, na springi za kiti cha jeep yake zilikuwa zimekufa. Kila shimo la barabara lilimpiga mgongoni. Alisikia kwamba Tonton, mdogo wa baba yangu, ni soudeur, mchomeleaji wa vyuma.

"Mama, munitengenezee kiti," akasema. "Nikikaa kishuke, nikisimama kirudi juu. Kikirudi, velo inarudi. Kikilala, velo iko ya chef. Jumamosi nataka kuona."

Soudeur bila umeme ni nani? Ni mutu wa kawaida mwenye miwani nyeusi. Tonton akakaa, akajikuna, halafu akasema kiti hiki hatutakichomelea, tutakisuka, namna watu wa Isangi wanavyosuka mitego ya samaki. Tukachoma matairi ya kamyo zilizokufa ili tupate nyaya za ndani. Tukazikunja kwenye mchi wa kutwangia pondu, majani ya muhogo, zikawa mizunguko. Tukafunga tabaka la kwanza. Tabaka la pili likakaa juu ya matundu ya lile la kwanza. La tatu hivyo hivyo, mpaka kikafika unene wa mto wa kulalia. Kilikuwa chepesi, unaona jua upande wa pili.

Tonton akakaa. Kikashuka vizuri sana. Akasimama. Kiti kikabaki na matako yake, kushoto na kulia, yamechorwa safi. Mke wake alicheka hadi akakaa chini. Akasema tukitundike ukutani, iwe photo ya bwana yake, kwa maana uso wake hakuwahi kuupiga picha.

"Moto wa matairi umelewesha chuma," Tonton akasema, hakucheka. "Moto mwingine utakiamsha."

Tukafumua yote. Kila mzunguko ulipaswa kuwekwa kwenye makala ya moto mpaka uwe mwekundu, utumbukizwe kwenye mafuta, kisha upakwe mafuta tena na yachomwe juu yake mpaka yakauke. Mafuta ya mashine hayakuwepo mji mzima. Kulikuwa na chupa yetu moja ya mawese, mboga yetu ya juma zima. Nikaimimina yote kwenye sufuria. Kama kiti kingelala tena, tungekosa velo na mboga pamoja.

Sasa sikia harufu. Mawese ya moto, mchana kweupe, kwenye avenue ambayo watu walikuwa wanakunywa maji ya chumvi na kulala. Majirani wakatoka mmoja mmoja, wengine na sahani. Mama mmoja akaja na pondu yake, akaomba kuongeza humo. Mwisho akatokea chef mwenyewe, uma mfukoni.

"Munapika nini, mama?"

"Chuma, chef. Unapenda paja ao bawa?"

Akachungulia sufuria, akaona nyaya. Avenue nzima ikapasuka. Tulicheka mpaka tumbo tupu likauma, mtu akinyamaza mwingine anamwanzishia tena. Chef akaondoka na uma wake.

Tukakisuka upya, na Jumamosi tukakiweka kiti ndani ya jeep. Chef alikuwa ameshafika, mkono kwenye usukani wa velo yangu. Commandant akakaa, kiti kikazama. Akasimama polepole, na kiti kikamfuata juu, laini, kama kinamsindikiza. Akakaa tena, akaruka ghafla ili akikute kimelala. Hakikulala. Akaita askari mkubwa kuliko wote akikalie, naye pia kikamfuata juu. Halafu commandant akavua viatu, akapanda juu, akaanza kuruka, kiuno na yote, akicheka kama mtoto wa shule. Askari wakaegemeza bunduki ukutani, wakapanga foleni ya kuruka.

"Chef," commandant akasema, pumzi zimemwishia, "toa mukono kwenye velo ya mama."

Mizinga iliyomuua Tonton baadaye ilitoka upande wa commandant huyo huyo. Hilo pia nalisema wazi, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Lakini Jumamosi ile Tonton alikuwa anakanyaga pedali, mke wake ameketi kwenye bomba la mbele la velo, mimi nyuma, velo haina breki, na mteremko wa kwenda mtoni uko mbele yetu. Tulikuwa tunapiga kelele watu watoke njiani, na watu hawakutoka. Walikuwa wanakimbia pamoja nasi.