Ndege Inayosukumwa

Ndege ya kwanza ya Kimeli, mwenye shamba, ilikuwa na propela puani, na kwa miaka yote aliyoihudumia Murunga hakuna mtu aliyeumia. Dawa yake ilikuwa moja: ukitaka kuikaribia, pitia nyuma. Murunga alikuwa amekuja kutoka upande wa Kimilili akiwa kijana wa kuvuna mahindi, akaachiwa kazi ya kubingirisha mapipa ya mafuta, mwishowe akafundishwa kuielekeza ndege kwa mikono hadi mahali pa kuegesha. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini hilo moja aliwaambia watu wa shamba mpaka likawaingia kama kuvua kofia kanisani: "Pua inakata, mkia haukati."

Kisha Kimeli akanunua ndege nyingine.

Ilipotua kwenye kiwanja cha shamba, kule mbele ya Kiplombe, Murunga alidhani imeharibika njiani. Mabawa makubwa yalikuwa yamerudi nyuma. Puani kulikuwa na vibawa viwili vidogo, kama masharubu ya kambare. Propela zilikuwa mbili, zimefungwa nyuma ya mabawa, zikitazama mkiani.

"Hii haivutwi, Mzee, inasukumwa," rubani Obonyo alimweleza, akiipapasa kama ng'ombe wa maziwa. "Ukiwa ndani, kelele yote inabaki nyuma yako. Watu wanaongea kama wako sebuleni. Inakimbia karibu kama jeti, na mafuta inakunywa kidogo."

"Na sisi wa huku nje?"

"Nyinyi wa huku nje mtavumilia."

Wakavumilia. Ilipowashwa ililia kama kinu cha posho kilichomeza jiwe, na ndama wa jirani wakaruka ua. Magurudumu yalirusha changarawe moja kwa moja kwenye propela, kwa hiyo Murunga akawa anafagia kiwanja kizima kila ndege ilipotarajiwa, na upepo unarudisha changarawe nyuma yake. Chuma cha kuivutia ile ya zamani hakikuingia kwenye gurudumu la hii. Fundi kutoka mjini alifungua kifuniko cha injini, akachungulia, akafunga polepole, akasema angojewe mtu wa ng'ambo. Kimeli alipoambiwa hayo yote alijibu kwamba wageni wanaipenda sana, wote wanapiga picha nayo.

Lakini changarawe si kitu. Kilichomnyima Murunga raha ni kina mama.

Kimeli akileta wanunuzi wa mbegu, wanawake wa shamba huenda kuwapokea kwa wimbo, matawi mikononi, wakimshika kila mgeni mkono mpaka kwenye chai. Aliyeongoza wimbo alikuwa Nelima, mke wa Murunga. Na Nelima alijua, kama wote walivyojua, kwamba ndege hufikiwa kutoka nyuma. Ni Murunga aliyemfundisha.

Aliwakusanya baada ya ibada, akaongea akitazama viatu vyake. Sasa mkia ndio unaokata. Wapite mbele.

"Baba Edinah," Nelima alisema, "jana pua inakata, leo mkia unakata. Kesho utatuambia mabawa yanauma?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mwingine akamwahidi watapita mbele, kwa sauti ile mtu humtulizia mtoto.

Akaenda kwa Kimeli, akamwomba awazuie kina mama kwenye stoo mpaka propela zisimame kabisa.

"Murunga, wageni washuke bila wimbo? Kwani ni matanga?" Kimeli hakuinua macho kutoka kwa simu. "Waambie wapite mbele. Hayo ni maneno mawili tu."

Maneno mawili! Murunga alirudi akinung'unika njia nzima. Mguu uliozoea haufundishwi kwa maneno mawili.

Siku ya wageni ilipofika alisimama mahali pake, vibao viwili vya rangi ya machungwa mikononi, akimwita Obonyo aje taratibu. Ndege ikakata kona. Hapo hapo akasikia wimbo ukianza stoo, mapema mno. Kina mama walikuwa wakija wakicheza, Nelima mbele, na walipokaribia bawa wakakunja kwa adabu kuelekea nyuma. Upepo uliwapiga usoni, lakini hata ile ndege ya zamani ilikuwa na upepo. Propela yenyewe haikuonekana. Mtu akitazama pale aliona ua wa mikaratusi ng'ambo, safi kabisa, kana kwamba hakuna kitu katikati.

Murunga alipaza sauti. Hata yeye mwenyewe hakuisikia.

Angeweza kupishanisha vibao juu ya kichwa, ishara ya kusimama, na ndege ingesimama. Kina mama wasingesimama. Akatupa vibao, akafanya lile ambalo mwelekezaji hafanyi kamwe: aliacha mahali pake, akazunguka mbali na ncha ya bawa, akakimbia. Obonyo, alipoona hana mtu mbele, alikanyaga breki na kuzima injini, ndivyo sheria inavyotaka. Murunga alifika akitweta, akatanua mikono, Nelima akagonga kifua chake.

"Una wazimu? Mbele ya wageni?"

Murunga alimshika mabegani, akamgeuza, akamwelekeza uso kule. Nyuma ya bawa, hewa ile safi ilianza kuwa kijivu, kisha ikawa na mistari, kisha ikawa mapanga ya chuma yenye masizi, yakizunguka polepole, pale pale walipokuwa wakienda. Hakuna aliyecheka. Nelima alimshika mkono mumewe na hakuuachilia.

Mlango ukafunguka, Kimeli akateremka na tabasamu lake la wageni, likaishia ngazini.

"Mbona kimya? Nani amekufa?"

"Bado," Murunga alisema.

Lilikuwa neno kubwa kuliko yote aliyowahi kumwambia Kimeli, na kwa kuwa lilikwisha kutoka, akaongeza: "Siwezi kuwa mbele ya ndege na nyuma yake. Chagua."

Kimeli alitazama wanawake, akatazama propela, akafungua mdomo. Obonyo alimtangulia, kichwa kikiwa kimetokea mlangoni.

"Kiwanja ni kipana, bosi. Nitakuwa naegesha mwenyewe. Mzee akae na hao kina mama."

Kimeli akakubali kwa kuguna. Wageni walikuwa wamesimama ngazini wakisubiri, basi Nelima akaanza wimbo tena, akawaongoza wenzake kuizunguka pua. Murunga alibaki nyuma ya bawa, mikono ameitanua, hata baada ya propela kusimama.