Majani Niliyoyakunja Upya

Kukunja majani ya mzabibu nilijifunzia kazini, kwenye jiko la hoteli moja ya Mbezi Beach. Mpishi aliyenifundisha hakuwa na maneno mengi. Upande wenye mishipa uangalie juu, kikonyo kikatwe, kisha unaweka kijiko kidogo cha mchele mbichi uliochanganywa na nyama ya kusaga, vitunguu na mnanaa. Unakunja chini, unakunja pembeni, unaviringisha. Ukijaza mno, mchele ukivimba jani linapasuka. Ukilegeza, linafunguka sufuriani unabaki na uji. Mimi nilijaza mno kwa mwezi mzima, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umezoea sambusa.

Mama mkwe wangu, ambaye ana shamba dogo la zabibu Dodoma, alipopata habari kwamba watu wanayala majani hayo alicheka mpaka akakaa chini. Kwao ni chakula cha mbuzi. Hata hivyo, tangu siku hiyo kila akija kututembelea alikuja na ndoo ya majani machanga aliyoyatia chumvi, nami nikayapika hapa nyumbani, Mwananyamala.

Halafu akapata kiharusi, akapooza mkono wa kulia. Mume wangu alimfuata akamleta kwetu. Sitasema uongo, wiki za mwanzo zilinishinda. Alilalamikia joto, maji ya bomba yenye chumvi, muziki wa majirani, na kila asubuhi baada ya shikamoo yangu aliuliza lini atarudi kwake. Aliishi peke yake kule tangu afiwe na mumewe, na hakuona kwa nini asiendelee. Mume wangu alimjibu kila mara kwamba atamrudisha mkono ukipona.

Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alishauri apewe kazi ndogondogo za vidole. Nilimpa mchele achambue, akachoka nao. Mwenyewe ndiye aliyesema nimletee majani.

Akawa anakaa sebuleni na sinia mapajani, mimi niko jikoni. Jani moja lilimchukua muda ambao mimi nilimenya kitunguu na kukikatakata chote. Alipomaliza nililichukua sinia nikapange sufuriani, na hapo nikaona kwamba hakuna lililofungwa. Yote yamelegea, mchele unamwagika pembeni. Ningeyapika vile yangefunguka, na angeona. Niliufunga mlango wa jiko, nikayakunja upya yote, nikayabana vizuri, nikayafunika kwa sahani na kumimina maji na limau.

Nilidhani nafanya wema wa siku moja. Lakini alipoyaona mezani yamesimama imara, mume wangu alimsifu sana, na mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu aje. Jumapili iliyofuata akakunja tena, nami nikakunja tena nyuma yake. Ikawa ndiyo kawaida yetu. Siku moja mume wangu aliinua jani kwa uma, akaligeuzageuza, akasema mkono umepona, hakuna ubishi. Kesho yake alikata tiketi ya basi la kwenda Dodoma.

Sikulala vizuri siku zile. Kule maji anachota kisimani, moto ni wa mkaa, na jirani wa karibu yuko ng'ambo ya shamba. Huku kwangu kikombe cha chai alikuwa bado anakishika kwa mikono miwili. Siku mbili kabla ya safari nikamkuta anapanga kanga zake kwenye begi. Nikakaa kitandani nikamweleza kila kitu, macho yangu yakiwa sakafuni.

Hakushtuka. Aliendelea kukunja kanga kwa mkono wa kushoto.

"Najua," alisema. "Mie nayajua ya kwangu. Hayawezi kuwa mazuri vile."

Nikamuuliza mbona alinyamaza.

"Nataka kwenda kwangu. Nikianguka, nianguke kwangu. Umenisaidia bila kujua, mwanangu. Sasa nisaidie ukijua. Usimwambie."

Nilitoka nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Akilini nilimwona yuko kisimani na ndoo, nikamwona pia barazani kwake akicheka na majirani zake, na vyote viwili vilikuwa kweli. Nilijua kabisa kwamba nikinyamaza atafurahi. Mume wangu aliporudi kutoka kazini nilimwambia hata kabla hajavua viatu.

Tiketi ilirudishwa. Mama hakubishana. Alisema sawa, akaomba begi lake lirudishwe juu ya kabati.

Yuko nasi mwaka wa pili sasa. Mkono umepata nafuu kidogo, haujarudi. Huniitikia salamu, hula ninachopika, huwaombea wanangu. Sioni kama nilikosea, na bado inaniuma, kwa sababu aliniomba kitu kimoja tu. Jirani anayemtunzia shamba hututumia majani kwa basi. Nikiyatandaza mezani, mama hukokota kiti chake kwa mkono wa kushoto, akatoka nje, na harudi ndani mpaka nimefunika sufuria.