Kwaya Iliyoimba Mlangoni Nikiwa Chini ya Blanketi

Nianze na ile ya aibu kabisa tumalizane nayo: majirani zangu wa Mbeya walishawahi kuja kwenye msiba wangu, na kuni wakaleta, na mimi nilikuwa ndani chini ya blanketi nawasikiliza.

Ilikuwa hivi. Mimi nina siku zangu. Zikija silali, sichoki, najua kila kitu. Napaka rangi banda la kuku, nampigia simu mjomba tuliyegombana naye, namsamehe kabla hajaomba. Zikiisha nashuka kama lori lisilo na breki kwenye mteremko wa Kitonga.

Jumapili moja nikiwa juu, kanisani wakatangaza kwamba kwaya inakuja kutoka Iringa, kila nyumba ichukue wageni wawili. Nikasimama. Nikasema wote watalala kwangu, na ng'ombe nachinja. Mke wangu alinivuta koti mpaka kifungo kikang'oka. Nyumba yetu ina vyumba viwili, na mfugo wetu mkubwa ni jogoo. Lakini watu walishapiga makofi, na mchungaji kashasema Bwana asifiwe.

Katikati ya wiki nikashuka. Nilimwambia mke wangu nitaenda kufuta ahadi, sikwenda. Kutoka kitandani mpaka mlangoni niliona kama Mbeya mpaka Iringa kwa miguu.

Jumamosi mchana kwaya ikafika na sare zao. Mke wangu akakaa kizingitini kashika tama. Wao, kwa adabu ya wageni, wakaanza kumwimbia mwenye nyumba wimbo wa taratibu.

Sasa wewe jirani umepita hapo njiani. Kwaya nzima imesimama uani, inaimba pole pole, mwanamke yuko chini kashika shavu, mume haonekani. Utafikiri nini? Akina mama wakafunga khanga kiunoni wakaleta unga na maharage. Wanaume wakaleta kuni, wakawasha moto. Mke wangu anasema hapana jamani, hajafa, wao wanasema tunaelewa mama, jikaze.

Ndipo akaingia mtani wangu. Yeye Mngoni, mimi Mhehe, na kwenye msiba mtani ana ruhusa ya kutania. Alisimama katikati ya uwanja akajifanya ni mimi: kifua mbele, mkono juu.

"Wote mtalala kwangu," akasema kwa sauti yangu. "Wa sauti ya nne mtalala na jogoo. Ng'ombe yupo, ila ni mwembamba, hamtamwona."

Nilicheka humo ndani, mara ya kwanza tangu nishuke. Nikatoka na blanketi langu. Mama mmoja akaangusha mwiko.

"Marehemu kaamka," mtani akasema. "Ana njaa huyo, mwekeeni maharage."

Kwaya ikala chakula cha matanga yangu, majirani wakagawana wageni wawili wawili, kama kanisa lilivyosema toka mwanzo.

Walipoondoka mke wangu akashusha begi kutoka juu ya kabati. "Baba watoto, sijui nimeolewa na watu wangapi," akasema. "Nenda hospitali, hiki kitu kipate jina. Kama ni ugonjwa, nakaa, nakuuguza. Kama ni tabia, naenda kwa mama Iringa."

Tukaenda wote, yeye na begi lake. Daktari aliuliza mengi, halafu akauliza, "Hizi siku za juu hudumu muda gani?"

"Mbili," nikasema. "Nikijitahidi, tatu."

"Vigezo vya ugonjwa vinataka nne mfululizo."

"Naweza kuongeza, daktari."

Mke wangu akanikanyaga. Lakini kweli iliniuma. Shule niliishia kidato cha pili, na sasa hata ugonjwa unanikataa kwa siku moja. Nikamwona mke wangu anakaza kamba ya begi lake, nikajua safari ya Iringa imeiva.

"Hujafeli," daktari akasema. "Hiki ni ndugu wa ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Hakijafika vigezo vyote, lakini kinawaumiza, kwa hiyo tunakitibu na tunakiangalia." Akamgeukia mke wangu. "Mama, wewe unajuaje kwamba anaanza kupanda?"

"Anapiga mluzi kabla hajanawa uso."

Daktari akasema dalili hiyo ni nzuri kuliko maelezo yangu yote. Nilale kwa wakati, pombe ya ulanzi niache, na kliniki nirudi na mke wangu, maana mimi nikiwa juu sijui kama niko juu.

Tulipokaribia nyumbani mke wangu akasema, "Kwa hiyo ni ndugu wa ugonjwa."

"Ndiyo."

"Ndugu wa upande wa baba yako," akasema, na alipoingia ndani akalirudisha begi juu ya kabati.

Jioni nikampelekea mtani wangu zile kuni zilizobaki, nikamweleza yote. Akazikataa.

"Kaa nazo, utakufa siku moja kweli," akasema. "Na Jumapili ukae karibu na mimi. Nikikusikia mluzi, nakukalia."