Kachero wa Mkanda wa Pili

Alikuwa na jina kama watu wengine, ila mtaa mzima ulikwishalisahau. Walimwita Mkalimani, na hata mama yake mzazi, aliyehangaika kumpa jina la babu yake, mwishowe alisalimu amri akamwita Mkalimani kama wenzake. Msidhani alikuwa msomi wa lugha. Lugha za kigeni alizozijua zilitosha kusema habari za asubuhi na kuomba chumvi, basi. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya runinga, katika ukumbi wa video wa mama yake mdogo, na kuwaeleza watu kwa Kiswahili yale wanayosema walio ndani ya kioo. Ukimuuliza anajuaje, alikwambia macho hayana lugha, na mtu akikunja ngumi hahitaji kamusi.

Na alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Alikuwa na sauti ya tajiri, sauti ya mlevi, sauti ya bibi aliyeona panya, na zote alizitoa kwa koo lile lile bila kukohoa. Kila sinema aliitazama kwanza peke yake, asubuhi, akitafuna mkate mkavu, ili ajue nani anampenda nani na nani atamuua nani. Sinema mbovu ilipona mdomoni mwake. Kuna watu walioitazama sinema moja kwake, wakaenda kuitazama tena ukumbi mwingine, wakarudi wanalalamika kwamba huko wameikata vipande vitamu.

Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba kirefu chenye mabenchi, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, na mbele kabisa runinga kubwa yenye kisogo kirefu. Kipaza sauti kilivishwa soksi, kwa sababu bila soksi kilimpiga shoti mdomoni. Nyuma ya pazia palikuwa na deki ya kuchezea kanda, na nyuma ya deki alikaa mama mdogo, mwenye ukumbi, mwanamke wa sauti nzito na amri nyingi. Macho yake hayakuona tena kitu cha karibu, lakini kumtajia miwani ilikuwa sawa na kumtukania wazazi. Kanda alizitambua kwa kuzipapasa, na akikosea, kosa lilikuwa la kanda.

Sasa, huyu Mkalimani alipenda. Ng'ambo ya barabara alikuwapo mshonaji wa sare za shule, binti mwenye mkono mwepesi na kicheko kilichowatangulia wenzake wote ukumbini. Alicheka kabla kichekesho hakijaisha, na kwa msemaji wa kipaza sauti hiyo ni nusu ya ndoa. Walielewana mapema. Aliyebaki kueleweshwa ni baba.

Baba alikuwa inspekta wa upelelezi. Alistaafu zamani, lakini kustaafu kulimtoa yeye kazini, hakukuitoa kazi ndani yake. Ukimsalimia, alitazama viatu vyako kwanza, kisha ndiyo akaitikia. Hakuwa na rafiki. Binti alikumbuka kwamba utotoni mwake alikuwapo baba mdogo mmoja, si ndugu wa damu, askari mwenzake na baba, aliyekuja kula kwao kila Jumapili na kumbeba mabegani. Jumapili moja hakuja, na hakuja tena. Binti alipouliza, aliambiwa ale chakula chake. Habari hiyo alimsimulia Mkalimani mara moja tu, akiwa ameinamia cherehani, na hawakuirudia.

Mjomba wake Mkalimani alipokwenda kupeleka posa, mzee aliuliza kijana anafanya kazi gani. Mjomba alieleza kwa maneno mazuri kadiri alivyoweza. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba, kwa ufupi, kijana anadanganya watu kwa kipaza sauti, na njia ya mwongo ni fupi. Hilo la njia ya mwongo ndilo lililokuwa neno lake la kila siku, alilisema hata kwa muuza nyanya. Lakini binti alikuwa mmoja, na alikuwa amenuna nyumba nzima ikanuna naye. Basi mzee akakubali jambo moja: Jumamosi mchana atakuja ukumbini mwenyewe, atatazama kazi hiyo kwa macho yake, na jibu atakalotoa ndilo jibu. Binti naye alikwishasema kwamba bila baraka za baba haolewi. Mkalimani aliona maisha yake yote yametundikwa kwenye msumari mmoja.

Mama mdogo, kwa kutaka kumfurahisha mkwe mtarajiwa, alichagua sinema ya kachero. Mkalimani aliitazama Alhamisi, yote, mkanda wa kwanza na wa pili, na alipofika mwisho mkate ukamkwama kooni. Muuaji alikuwa askari, tena rafiki wa kachero, aliyekula na kunywa naye. Utamwelezaje inspekta mstaafu jambo hilo mbele ya mtaa mzima? Akaomba wabadilishe. Mama mdogo akasema tangazo limekwishabandikwa mlangoni na gundi imekauka.

Ijumaa, fundi viatu wa jirani aliazima sinema hiyo pamoja na nyingine ya wasafiri wa angani, akazitazama usiku kucha, na Jumamosi akazirudisha kanda zote zikiwa zimerundikana ndani ya mfuko. Mama mdogo akazipanga makashani kwa vidole vyake. Hapo ndipo mambo yalipokwenda kombo, na hakuna aliyejua.

Inspekta aliwasili amevaa kofia, akapangusa benchi kwa leso, akakaa mbele. Binti alikaa nyuma yake, mikono imefungana. Mkanda wa kwanza ukaanza. Mvua ya kukata na shoka, kachero amevaa koti refu, ofisi yake ina feni mbovu na kiti kimoja cha mgeni, alichokalia rafiki yake askari kabla hajaaga na kwenda zake. Akaingia mjane mwenye gauni jekundu: mumewe, fundi saa, ameuawa dukani mwake na saa zote zimesimamishwa. Mkalimani akampa mjane sauti ya mtu aliyelia hadi akachoka. Akarudi yule rafiki askari, mcheshi, na Mkalimani akampa sauti tamu kuliko zote, moyo ukimuuma. Akapita pia bwana mmoja wa ajabu asiyevua kofia hata mezani, anayemfuata kachero kila kichochoro. Watu walitulia kama wamemwagiwa maji. Inspekta hakucheka, hakukohoa, hakujikuna.

Mapumziko yakaisha, Mkalimani akiwa na kipaza sauti mkono huu na soda mkono ule. Mama mdogo akasukuma mkanda wa pili. Kioo kikawaka, na badala ya kichochoro chenye mvua pakatokea giza, nyota chungu nzima, na roketi ndefu inapita taratibu ikitoa moto nyuma.

Mkalimani akaiweka soda chini. Alielewa mara moja kilichotokea na nani aliyekifanya. Angeweza kupaza sauti kwamba mkanda umekosewa, usimamishwe, lakini hapo mama mdogo angeaibika mbele ya wakwe, na watu wa ukumbi ule siku moja walivunja benchi kwa kusimamishiwa sinema. Zaidi ya hayo, tuseme ukweli, kuna mahali moyoni alipopumua. Yule askari mbaya hayumo humu. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

“Kachero amegundua jambo,” akasema kwa sauti ya chini. “Muuaji hayumo mjini. Hayumo nchini. Hayumo hata duniani.”

Mabenchi yakalia yote kwa pamoja. Mtu mmoja akataka kujua kachero aliondoka saa ngapi, na Mkalimani akamjibu kwamba aliondoka wakati wewe unanunua soda. Kicheko cha kwanza kilikuwa cha mshonaji, kama kawaida, na ukumbi ukafuata.

Basi akaoga. Mtu mwenye kofia ya kioo kichwani akawa ndiye kachero, na alipoivua akatokea mnene mwenye ndevu, hafanani na yule hata kwa bahati mbaya. Mkalimani akaeleza bila kupepesa kwamba huko juu hakuna kinyozi, na kwa kuwa vitu havina uzito, mtu ananenepa asijijue. Mwanamke wa suti ya fedha akawa mjane, na gauni jekundu liko kwa dobi. Kisha likatokea jitu la kijani, macho matatu, kichwa kimechongoka, na Mkalimani, ambaye tangu dakika ile alikuwa anatafuta pa kulipachika, akaliona tundu lake.

Akawauliza kama wanamkumbuka yule bwana asiyevua kofia. Je, walidhani anaficha upara?

Loo, ukumbi ulipasuka. Watu walisimama juu ya mabenchi. Na hapo Inspekta, aliyekuwa bado na kofia yake, akahisi macho ya watu kisogoni, akaivua taratibu akaiweka magotini. Mkalimani akaendelea kwa nguvu mpya: fundi saa aliuawa kwa sababu alitengeneza saa iliyosema kweli juu ya nyakati za huko juu, ambako jitu lile lilikuwa linawaibia watu miaka yao wakilala, ndiyo maana saa zote dukani zilisimamishwa. Kachero akalifukuza kutoka nyota hadi nyota, akalikamata, mjane akampa mkono, mwisho. Watu walitoka wanapigana mabega kwa furaha. Njia ya mwongo ni fupi, sawa, lakini ile ya siku ile ilifika nyotani.

Inspekta hakutoka. Alifunua pazia akaingia kwenye kijichumba cha deki, chini ya balbu moja, akamtazama Mkalimani viatu. Binti alisimama mlangoni. Mzee akasema zile zilikuwa sinema mbili, na Mkalimani akakubali. Akauliza nani aliyezichanganya.

“Mimi, mzee.”

“Ulikuwa na kipaza sauti mkono mmoja na soda mkono wa pili. Nani?”

Mama mdogo akanyanyuka kitini, akaiweka sawa kanga yake, na akakiri mwenyewe, kwa sauti ndogo ambayo mpwa wake hakuwahi kuisikia. Akaongeza kwamba miwani atanunua, na asiulizwe tena.

Mzee hakuonekana kumsikiliza. Akasema kwamba kwenye mkanda wa kwanza yule rafiki askari alikuja mara ya kwanza mkono hauna saa, na baada ya fundi saa kufa alikuja amevaa saa mpya. Yeye ndiye muuaji. Kisha akamuuliza Mkalimani kama alilijua hilo, na kama amelificha kwa sababu ya aliyekaa benchi la mbele.

“Nililijua, mzee. Niliona aibu kulisema mbele yako.”

“Weka mkanda wa kweli,” akasema mzee. “Na ufanye kazi yako.”

Mkanda ulipatikana ndani ya kasha la wasafiri wa angani. Wakakaa wanne kwenye ukumbi mtupu, maganda ya karanga chini ya miguu. Mkalimani alisema bila kipaza sauti. Mvua ile ile, kichochoro kile kile, hadi ofisini, feni mbovu inazunguka, na yule rafiki amekalia kiti cha mgeni. Kachero anaitazama saa mkononi mwake. Rafiki anaivua, anaiweka mezani, na midomo yake inatikisika.

Mkalimani hakujua maneno yale, kama ambavyo hakujua mengine yote. Alitazama macho. Alhamisi, peke yake, alikuwa amemtungia maneno ya kujitetea, ya kihuni kidogo. Sasa yalimtoka mengine, hakuyapanga, wala hakujua yanakuja.

“Anasema, nimekula kwako kila Jumapili. Nikashindwa kukwambia.”

Nyuma yake binti alivuta pumzi kwa nguvu. Hapo ndipo Mkalimani alipokisikia alichokisema. Amemaliza. Ameingiza mkono kwenye jeraha la mtu, tena mbele ya mwanawe, na mke ndiyo basi tena. Alitamani soksi ya kipaza sauti aimeze.

Kachero na rafiki yake waliendelea kusema na hakuna aliyewaeleza. Mzee alipangusa uso kwa leso ile ile aliyopangusia benchi.

“Wangu hakuniambia hata hilo,” akasema. “Nilimkamata mwenyewe, kwa mkono wangu, na hakuniambia neno.”

Binti akaja akakaa karibu naye, akaegemeza kichwa begani kwake. Wakakaa hivyo. Kwenye kioo, kachero alikuwa amefungua mlango, askari wengine wanaingia kumchukua rafiki yake.

“Zima hiyo, mkwe,” akasema mzee. “Niwekee ile ya yule wa kijani.”

Mkalimani alisimama lakini hakwenda popote, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamejaa maji na hakuiona deki iko wapi. Ni mama mdogo aliyenyanyuka. Alichukua kasha, akalipapasa, akalisogeza mbali, akalisogeza karibu, kisha akampa mzee amsomee.