Kumsemea Mpangaji

Nilipokuwa mwalimu mkuu nilikuwa na kalamu moja ya kuidhinishia watu. Walinijia na fomu zao hapa Changamwe, za pasipoti, za kitambulisho, za kazi, na zote zilikuwa na sehemu ile ya chini ambapo mtu anayeheshimika anathibitisha kwamba anamjua mwombaji na kwamba ni mtu mwema. Mwanzoni nilitia sahihi kama mtu anayegawa peremende. Kisha siku moja maofisa wawili wakaja shuleni na fomu yangu mkononi, wakauliza yuko wapi huyu uliyesema umemjua miaka mitano. Nilikuwa nimemjua wiki mbili tu, kwa kuwa dada yake alikuwa mpishi wetu. Niliaibika mbele ya walimu wangu wote. Tangu siku hiyo, aliyetaka jina langu chini ya lake nilimhesabu mwizi mpaka anionyeshe vingine.

Nilipostaafu nikadhani hayo yamekwisha. Sikujua kwamba idhini nzito kuliko zote haiombwi kwa karatasi.

Chumba cha mwisho uani kwangu alikaa kijana wa bara, karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, huko Kipevu. Miaka mitatu hakulewa, hakupiga muziki, na ua aliufagia bila kuambiwa. Sasa niambie, ni mwanamume gani anayefagia ua bila kuambiwa? Shikamoo alimpa kila mtu, hata wasichana wa rika lake waliokuja kuchota maji, nao wakamcheka. Mimi sikucheka. Nilijiambia mtu mwema kiasi hiki ana kitu anakifunika.

Na hicho kitu, kwa akili yangu, kilikuwa mke. Kila baada ya muda aliletewa gunia la viazi kwa basi kutoka kwao. Mdomo wa gunia haukushonwa kwa kamba ya katani kama magunia mengine. Ulishonwa kwa uzi wa waridi, mishono midogo iliyolingana, na mimi nikasema hii si kazi ya mama mzee. Simu ikilia jioni alitoka akasimama karibu na tangi la maji, akiongea lugha yao kwa sauti ya chini. Nilikwenda kuanua nguo ambazo hata hazijakauka, ili nisikie, ingawa sikuelewa hata neno moja. Viazi vyenyewe aliniletea nusu kila mara, nami nilivila.

Akampenda binti wa Kisauni, wa watu wa Kilifi, Wakristo kama yeye, na posa ikapelekwa. Haikupita wiki, shangazi na mjomba wa binti wakabisha hodi kwangu. Ndiyo desturi. Kabla ya kujibu posa, watu wa binti huenda anakokaa mwanamume wakamuulizie. Niliwakaribisha, nikawatilia chai, tukaulizana hali mpaka zikaisha.

"Twaja kukuuliza habari za huyu mwanao," shangazi akasema. "Hawa wa bara, Mwalimu, waweza kumpa mtu binti kumbe ana mke kwao. Wewe wakaa naye. Ni mtu wa vipi?"

Nilijua linalotakiwa. Huku kwetu unayemkubali unamsifu mpaka unaapa. Unasema huyo ni mwanangu wa kumzaa, ningekuwa na binti ningemwoza mwenyewe, wala msimwache akawaponyoka. Nilifungua mdomo kusema hivyo. Nikakumbuka uzi wa waridi, nikawakumbuka wale maofisa wawili.

"Sijaona baya lake," nikasema.

Mjomba alisubiri. Shangazi naye alisubiri. Nikawauliza kama chai imekolea sukari. Kwetu neno hilo likiishia hapo linatosha kuvunja posa, maana ni njia ya adabu ya kumwambia mtu asiulize zaidi. Shangazi akarudisha kikombe mezani kabla hajakimaliza. "Haya, Mwalimu. Tumesikia," akasema, wakaaga. Nami nilijiona mjanja, kwamba safari hii hakuna atakayekuja kuniuliza nilimsemea nani.

Wiki tatu baadaye kijana akasimama mlangoni pangu, amekonda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba."

Akaniambia posa imekataliwa na hakupewa sababu. Binti hashiki simu yake tena. "Mimi ndiye niliyewatuma kwako," akasema. "Waliniuliza ni nani ananijua huku, nikasema ni wewe tu. Samahani kuuliza, uliwaambia nini?"

Ningeweza kudanganya. Nilimwambia neno langu kama nilivyolisema, wala sikupunguza.

Uso wake ukakunjuka. "Ulisema hivyo? Miaka mitatu yote, hujaona baya langu?" Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akubariki, Mwalimu. Angalau kuna mtu mmoja huku aliyenisemea."

Kwao, nadhani, hiyo ni sifa kamili. Ningeweza kumweleza palepale. Ningeweza kuchukua mtandio wangu tukaenda Kisauni siku ileile, nikayaseme yaliyobaki. Niliona aibu, aibu kubwa, na katikati ya aibu hiyo, wallahi, bado nilikuwa namshuku.

"Amina, baba," nikamwambia, nikamwacha aendelee kunishukuru.