Mikono Miwili ya Kushoto

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima humwita Bi Futi, kwa sababu akikutazama mara moja anajua kiuno chako kimeongezeka. "Umekula harusi ya nani?" atakuuliza, na futi yake ya kupimia bado iko shingoni, hajaigusa.

Chumba chetu cha mbele ndicho kiwanda chake: cherehani ya miguu chini ya dirisha, meza ya kukatia, na kitanda kidogo cha kujinyoosha mchana. Mimi nimeishia la saba. Kazi yangu ni vifungo, pindo na kunyonyesha.

Mwaka jana Mama alianza kusahau. Kutafuta miwani iliyo usoni, hilo tulilicheka. Halafu mwalimu mmoja alikuja kuchukua shati lake, akalivaa palepale, na mkono wa kulia ukajipinda kama umeteguka.

"Fundi, hii umemshonea nani?"

Mama alikuwa ameshona mikono miwili ya kushoto. Alilitazama shati, akaketi. Alishika mkasi wake wa miaka arobaini kama kitu alichookota njiani.

Habari ikamfikia shemeji yangu, mwanawe wa kwanza. Akaja na uso wa msiba.

"Mama, pumzika sasa. Huu ni ugonjwa wa kusahau, bibi alianza hivihivi. Jumapili ya mwisho wa mwezi ujao nakuja kuchukua cherehani, nikaiweke stoo kwangu."

"Ukiichukua, nichukue na mimi, tukakae stoo pamoja," Mama akajibu, akacheka. Lakini nilimwona mguu wake unakanyaga pedali, na chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

Sasa, Mama hukoroma. Si siri hiyo, jirani husema ukuta wetu una injini. Mchana mmoja amelala chali kwenye kile kitanda kidogo, mimi namnyonyesha mtoto, mara injini ikazimika. Nikasubiri. Nikaanza kuhesabu. Nilipofika kumi na nane, akashtuka na kuvuta pumzi kama mtu anayeibuka majini, akaendelea kukoroma. Ikatokea mara saba kabla mtoto hajamaliza ziwa moja.

Alipoamka nikamwambia, "Mama, ukilala unaacha kupumua."

"Kwa hiyo leo nimekufa mara ngapi?"

"Saba."

"Mara saba, na chai hujaniwekea!"

Nilimbembeleza siku tatu mpaka akakubali twende zahanati. Muuguzi akamuuliza, "Mama, unalala vizuri?"

"Nalala sana. Saa tatu niko kitandani, mpaka saa kumi na mbili."

Muuguzi akaandika, akageuza karatasi. Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu, lakini niliona tunafungiwa mlango.

"Dada, samahani. Mama analala, lakini usingizi hapati."

Kalamu ikasimama. "Hebu rudia."

Nikarudia, nikamweleza na zile hesabu zangu. Akatupeleka kwa daktari, na Mama akafungwa vifaa kidoleni na kifuani, alale navyo nyumbani. Majibu yakaonyesha pumzi inakatika, hasa akilala chali.

"Ubongo nao una zamu ya usafi," daktari alituambia. "Hufagia zaidi mtu akiwa kwenye usingizi mzito. Pumzi ikikatika, mtu huamka bila kujua, na mfagizi anafukuzwa kabla hajamaliza. Hali hiyo ikienda miaka mingi, ubongo unaweza kuzeeka haraka, na hatari ya ugonjwa wa kusahau ikaongezeka. Utafiti bado unaendelea. Na si kila anayekoroma ataupata. Huenda Mama amechoka tu. Tuanze na kumzuia asilale chali. Shoneni mfuko mgongoni mwa gauni la kulalia, mtie mpira ndani. Hilo lisipotosha, kuna mashine ya kusukuma hewa."

"Mfuko mgongoni!" Mama akapiga makofi. "Toka nianze kazi hakuna mteja aliyeniomba huo."

Aliushona siku hiyohiyo, una kifuniko na kifungo, mpira akamnyang'anya mjukuu wake. Juma la kwanza alinung'unika kila asubuhi kwamba amelala kama golikipa. La tatu aliamka, akasimama dirishani na kikombe mkononi.

"Mwanangu, hivi asubuhi huwa nyepesi namna hii kwa watu wote?"

Jumapili ikafika, na shemeji akaja na gari la mizigo. Mama akamrushia shati jipya. Hakuwa amempima, amekata kwa macho. Shemeji akalivaa, akanyoosha mkono wa kulia, akanyoosha wa kushoto. Yote ilikaa. Akatafuta kosa mpaka kwenye kola.

"Sawa, Mama. Lakini shati moja si..."

"Najua. Miwani naitafuta bado. Daktari anataka kuniona kila baada ya miezi mitatu, na utanipeleka wewe, si una gari? Cherehani iache."

Shemeji akanawa mikono. Alikula, akashiba, akajitupa kwenye kile kitanda kidogo, chali. Haukupita muda injini ikawaka, nzito kuliko ya mamaye. Kisha ikazimika.

Mama akainua kidole. "Hesabu."

Nikafika kumi na tano ndipo akashtuka na kuendelea. Mama akachukua fulana kuukuu ya mume wangu, akaketi kwenye cherehani, miguu ikaanza kwenda.

Mlio ukamwamsha shemeji. "Unashona nini?"

"Mfuko wako," Mama akasema bila kugeuka. "Mpira utajinunulia."